Usilishushe Melini

Magitaa yangu ni saba, na yote yametengenezwa Japani. Nimeyatundika kwa kamba za katani katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Mbinga mjini, mbali na ukuta wa magharibi, ambao hulowa ukungu ukikaa siku nyingi. Kila gitaa lina daftari lake la shule. Humo naandika lilipotoka, nani alilipiga, funguo ngapi za kukazia nyuzi bado zinageuka, shingo imepinda kiasi gani, na limepakwa rangi mara ngapi tangu litoke kiwandani. Kwa miaka mingi niliandikia gazeti habari za wilaya hii: bei za kahawa, madaraja yaliyochukuliwa na maji, mikutano iliyoahirishwa. Kazi niliiacha, lakini mkono haujaacha.

Wageni huniuliza mwanamke wa umri wangu anafanya nini na vyombo vya bendi. Nikiwa na haraka nawaambia ni vizuri kuvitazama. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sauti moja, na sita kati ya hayo saba niliyachukua kwa kudhani kwamba kila moja ndilo lenye sauti hiyo.

Baba yangu alikuwa Mmatengo wa Matiri, mkulima wa kahawa. Mama alitoka ziwani, Mbaha. Shule zikifungwa, mimi nilikuwa nateremshwa kutoka kwenye baridi ya milimani hadi kwa mdogo wake mama, ambaye nilimwita mama mdogo, na mume wake, baba mdogo. Huko nilivua sweta na viatu siku ya kwanza na sikuvivaa tena mpaka siku ya kurudi. Baba mdogo alivua usipa, wale dagaa wa ziwa letu, na Jumamosi mchana alipiga gitaa la solo katika bendi ya watu wanne. Umeme haukuwepo. Waliunganisha amplifaya na betri ya lori, na betri hiyo ilibebwa na watu wawili kwa heshima kama mgonjwa.

Gitaa lake lilikuwa jekundu pembeni, na wekundu ule ulififia kuelekea katikati ukawa njano, kama embe. Lilikuwa na swichi nne zilizopangwa mstari mmoja, zinazofanana kabisa na swichi za taa. Mimi, mtoto wa nyumba isiyo na umeme, niliamini kwamba akibonyeza moja kijiji kizima kitawaka. Lakini kilichonibakia zaidi ni sauti. Ilikuwa nzito kidogo kuliko nyimbo za redioni, kama mtu anayeimba akiwa ameketi. Nilipokuwa shule ya bweni niliisikia nikifumba macho. Nilipoanza kazi niliendelea kuisikia, kwenye mabasi na katika ofisi za watu niliosubiri wanipe majibu.

Baba mdogo alifariki nikiwa mbali kikazi. Niliambiwa vyombo vya bendi vimegawanywa, nami nikadhani gitaa limekwenda na wenzake. Sikuuliza. Mtu aliyeishi kwa kuuliza wengine maswali hakuuliza nyumbani kwake swali moja.

Badala yake nilianza kukusanya. La kwanza lilikuwa Matiri, katika stoo ya parokia, limelala nyuma ya sanamu ya mtakatifu aliyevunjika mkono. Lilikuwa na nyuzi tatu na kiota cha nyigu ndani ya tundu la swichi. Lilifanana na la baba mdogo kiasi kwamba nilikaa chini: swichi nne, rangi ya embe, na nyuma ya shingo bamba dogo la chuma lenye jina la Japani. Kijijini Litumbandyosi nililikuta la pili kwa mwalimu mstaafu aliyefunga antena ya redio kwenye shingo yake na kulisimamisha juu ya paa.

"Dada, gitaa chukua," aliniambia, "ila antena niachie. Jumapili kuna mpira."

Yaliyofuata yalitoka kwenye kwaya zilizopata vinanda vipya, na moja kwa mjane mmoja aliyelitumia kuzuia mlango usijifunge. Yalikuja zamani, wakati vyama vya wakulima na shule za misheni vilipokuwa na bendi zao, na watu waliyapenda kwa sababu yalikuwa mepesi na mafundi wetu waliweza kuyafungua kwa bisibisi ya kawaida. Nikayalinganisha. Saa tatu asubuhi, kwenye spika ileile, nilipiga mfululizo uleule wa vidole vitatu, kisha nikaandika. La Litumbandyosi lilikata kama wembe. Lenye mwili mwembamba lilisema kama mtu mwenye mafua. Moja lilikuwa tamu upande wa nyuzi nyembamba, na upande wa nyuzi nene likanguruma tu. La Matiri, pacha wa lile la utotoni, lilipaswa kuwa ndilo. Sumaku zake za kunasa sauti zilikuwa zilezile, zimefunikwa bati lilelile. Nilipiga wimbo wa baba mdogo, ule mfupi aliofungulia kila Jumamosi, na haukuwa wenyewe. Noti zote zilikuwepo. Yeye hakuwepo.

Nililaumu nyuzi, nikabadilisha. Nililaumu umeme wa gridi, nikatafuta betri ya lori. Fundi redio wa pale sokoni, kijana mcheshi anayenitengenezea nyaya, aliniambia, "Mama, sauti iko kwenye vidole vya mtu. Huwezi kuvikusanya." Niliandika maneno hayo kwenye daftari la Matiri, nikaamini kwamba habari imeishia hapo.

Halafu mama mdogo akaamua kuhama, au tuseme aliamuliwa. Macho yalikuwa yanapungua, magoti yanauma, na binti yake anayeishi Songea alitaka awe karibu na hospitali. Nilishuka Mbaha kumsaidia kufunga vitu. Siku ya pili, tukiwa tunavuta mikeka chini ya kitanda, nikaona blanketi la kijivu lililofungwa kwa wavu wa zamani. Nilijua kabla sijafungua.

"Shikamoo, baba," nilisema, na mama mdogo akacheka.

"Ulifikiri nimemgawa?"

Nyuzi sita zilikuwa zimekaza, zina kutu, zimekuwa nyeusi. Niligusa ule wa juu kidogo tu. Mama mdogo akanishika mkono.

"Bado. Nataka lisikike kwenye spika, kama zamani, mara moja kabla sijaondoka hapa. Songea hakuna ziwa. Nikilisikia hapa nitaondoka vizuri. Unaweza?"

Nikatazama waya zilizotoka kwenye tundu, zimekatika. Nikamwambia nina fundi, nitalipeleka Mbinga na kulirudisha kabla binti hajaja kumchukua. Alinisaidia kulifunga upya. Nilipoliinua alinifuata hadi kizingitini, akasema kwa sauti ya mtu anayekabidhi mtoto:

"Usilishushe melini, mwanangu. Chochote kingine fanya. Usilishushe melini."

Nilielewa vizuri sana. Fukwe nyingi za upande wetu hazina gati. Meli hutia nanga mbali, na mizigo hushushwa kwenye mitumbwi, na kila familia ina hadithi ya gunia, godoro au cherehani iliyokwenda chini hapo. Nilikuwa nimepanga kusafiri na meli hadi Mbamba Bay. Nikaacha. Nilikwenda kwa barabara, gitaa likiwa mapajani siku nzima, nikibadilisha magari mara tatu, vumbi hadi kwenye nyusi, nikijisifu moyoni kwa utiifu.

Nyumbani nilifuata utaratibu wangu. Katika ukurasa wa kwanza wa kila daftari nimeandika hatua, na hatua ya kwanza ni: vua nyuzi zote. Shingo za magitaa haya ni nyembamba, na nyuzi za zamani huendelea kuzivuta mpaka zinapinda kama upinde. Basi nililegeza moja baada ya moja, nikazikunja, nikaziweka katika bahasha sita, juu ya kila bahasha nikaandika namba ya uzi. Nilisafisha. Nilipima. Fundi alipolifungua alinusa.

"Hili limetoka wapi?"

"Ziwani."

"Ndiyo maana. Ukiliwasha litatoa mvuke wa usipa."

Alitia lehemu kwenye waya mbili, akasugua swichi, nalo likasema. Nikaweka nyuzi mpya, nikazilinganisha kwa ile programu ya simu yenye mshale, mpaka kila mshale ukasimama katikati. Nikarudi Mbaha Jumanne, kwa barabara tena. Binti alikuwa anakuja Jumamosi.

Mama mdogo alivaa kitenge kipya. Tuliketi barazani, spika ndogo ikiwa juu ya ndoo, ikitumia betri ya sola. Majirani wachache walisogea. Nikapiga ule wimbo wa kufungulia. Nilipiga vizuri, naweza kusema hivyo bila aibu, kwa sababu nilikuwa nimeufanyia mazoezi miaka mingi kwenye magitaa sita yasiyo yake.

Mama mdogo alisubiri hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Limeshuka."

"Hapana, mama. Sikupanda meli kabisa. Nimekwenda na gari, nimerudi na gari."

Aligeuka akanitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri. Jirani mmoja, mama muuza samaki mwenye kicheko kikubwa, akaanza kucheka, halafu akaona uso wa mama mdogo akaacha.

"Gari?" mama mdogo aliuliza. "Gari la nini?"

"Ulisema nisilishushe melini."

Kisha akacheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi, na sikujua ni wakati gani machozi yale yalibadilika yakawa mengine. Alipotulia alinieleza, na muuza samaki akamsaidia pale sauti ilipokatika.

Bendi ile haikuwa na kinanda wala kifaa chochote cha kupimia sauti. Kitu kimoja tu hapa ufukweni hakikubadilika, nacho ni honi ya meli. Ilipopiga honi ikiingia, baba mdogo na wenzake walikuwa wameshakaa na magitaa, na kila mmoja alikaza uzi wa tano mpaka ukawa sawa na honi. Nyuzi nyingine zilifuata huo. Gitaa lililokaa sawa walisema liko melini. Likilegea, limeshuka melini. Walitaniana hivyo hata kwa mambo mengine: mtu akilewa aliambiwa ameshuka melini, na mchumba aliyekubali posa ameshapanda.

"Sasa unajua," alisema mama mdogo. "Alipofariki mimi nilibaki na uzi ule mmoja. Kupiga sijui. Lakini meli ikija nilikuwa natoa blanketi, nakaza kidogo, nasikiliza, narudisha. Mpaka meli ile ya zamani ilipoacha kuja. Hii mpya inalia kama mbuzi. Nikasema basi, sitaugusa tena, usije ukaharibika."

"Miaka yote hiyo, mama, uzi ungelegea wenyewe."

"Ungelegea kidogo. Wewe umeumaliza." Hakusema kwa ukali. "Uko wapi?"

Nilitoa bahasha. Namba tano, kwa maandishi yangu safi. Aliutoa uzi uliokunjwa, mweusi, akauweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi. Aliuweka hapo muda mrefu. Mimi nilitazama maandishi yangu kwenye bahasha, mstari ulionyooka chini ya namba, na nikaona aibu ya mstari ule.

Zilibaki siku nne, kwa hiyo nilifanya kile ninachokijua. Kwanza nilipiga simu. Baada ya kuunganishwa na watu kadhaa nilimpata mlinzi wa kule kaskazini ilikoegeshwa meli ya zamani.

"Honi?" alisema. "Mama, honi inataka upepo. Upepo unatoka kwenye injini. Injini imelala. Wewe nani amekutuma?"

Nikamjibu kwamba ni mama yangu mdogo. Akasema nimsalimie.

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda mwaloni, mitumbwi inapofika na wanawake wakisubiri na mabeseni. Nilikuwa na daftari na simu. Nilimwomba kila mtu mzima jambo moja: nifanyie honi ya meli ya zamani. Mwanzo walinicheka. Halafu muuza samaki yule wa jana akaweka beseni chini, akajaza kifua, akalia "Buuuu" mpaka kunguru wakaruka. Mwenzake akamwambia hiyo ni honi ya lori la mkaa. Akatoa yake, juu zaidi. Wa tatu akasema wote wawili walikuwa watoto wadogo meli ile inakuja, wanyamaze wamsikilize. Muda si mrefu ufukwe mzima ulikuwa unalia.

"Mwandishi, andika ya kwangu!"

"Usiandike ya huyo, ana pua mbovu."

Akaja mzee mmoja aliyekuwa mpakuaji mizigo wa meli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasubiri kelele ziishe. Alitoa sauti ya chini sana, iliyotetemeka.

"Hiyo ni ya chini mno, babu," muuza samaki alisema.

"Ni kwa sababu ninyi mlikuwa ufukweni. Mimi nilikuwa ndani. Meli ikiwa tupu inalia juu. Ikiwa imejaa watu na mahindi inalia chini."

"Babu, honi ni honi. Haijui kama kuna mahindi."

"Inajua," alisema mzee, akaondoka bila kuaga.

Nilipima sauti kumi na moja, na hakuna mbili zilizofanana. Niliziandika zote, kutoka ya juu hadi ya chini, nikachora mstari chini yake, na jioni nikatambua kwamba nilichokuwa nacho ni orodha ya watu wanaoikumbuka meli, siyo meli.

Nilichokihitaji kilinijia Alhamisi, wakati sikitafuti. Mama mdogo alikuwa anachambua usipa uani, anatoa vijiti na vijani kwa vidole, kwa kuwa macho hayakumsaidia. Akawa anaimba kwa kinywa kilichofungwa ule wimbo wa baba mdogo. Alikuwa ameuimba jana asubuhi pia, nikiwa napiga mswaki. Nikaweka simu kwenye dirisha. Alipomaliza alimfukuza kuku, akamsalimia mpita njia, akauanza tena. Mshale ulirudi palepale. Ijumaa alfajiri, kabla hajanywa chai, kabla hajaongea na mtu, alianza tena, na mshale ukarudi palepale. Haukusimama katikati ya sauti yoyote inayojulikana na programu ile. Ulikuwa baina ya mbili, pahala ambapo simu inaonyesha rangi nyekundu kumaanisha umekosea.

Nikapaandika mahali hapo. Sikumwambia. Niliogopa kwamba akijua ananisaidia angejisikiliza, na mtu akijisikiliza huimba vingine. Mchana niliingia ndani na gitaa, nikalegeza nyuzi zote, nikaanza na uzi wa tano mpaka mshale ukasimama palepale kwenye nyekundu ile, kisha nikazifuatisha nyingine kwa sikio tu. Nilipokuwa napiga nyuzi mbili pamoja, taratibu, nilisikia kitu nilichokisikia mara ya mwisho nikiwa bila viatu. Ilibidi niliweke gitaa chini.

Saa kumi alasiri nilimwita barazani. Safari hii majirani hawakuitwa, lakini muuza samaki alikuwepo, na mzee mpakuaji alipita akasimama nje ya uzio, amegeuza uso upande mwingine kama mtu asiyehusika. Ziwa lilikuwa tulivu na jeupe. Mama mdogo alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa nyuma yake: masufuria mawili, mto, mashine ya mkono ya kukoboa mahindi ambayo binti alisema haina kazi Songea na yeye akasema inakwenda.

Nikapiga uzi wa tano peke yake, nikauacha ulie.

Alifumba macho. Nikasubiri aseme ndiyo.

"Shusha," alisema.

"Mama?"

"Shusha kidogo."

Nilitaka kumwambia kwamba nimeipima, mara tatu, siku mbili, kutoka kinywani mwake mwenyewe. Daftari lilikuwa pembeni yangu, limefunguka kwenye ukurasa ule. Niligeuza ufunguo kidogo. Nikapiga.

"Tena."

Nikageuza tena. Nje ya uzio mzee aligeuka akatazama.

"Hapo," alisema mama mdogo. "Ile ya kwanza ilikuwa meli tupu. Hii ina watu."

Muuza samaki akafungua mdomo. Nilimtazama, naye akaufunga.

Nikafuatisha nyuzi nyingine, nikapiga wimbo. Ulitoka mzito, umekaa chini kabisa, na zile nyuzi zilizolegea zilitetemeka kidogo kwenye vyuma vya shingo, kitu ambacho kwa kawaida nakiandika chini ya kichwa cha habari "kasoro". Mama mdogo hakuimba. Vidole vyake tu vilikuwa vinatembea juu ya goti kama anachambua usipa. Nilipofika mwisho hakuomba nirudie, wala hakusifu. Alisimama, akashika ukuta, akatazama ziwa kwa muda ambao mtu hutazama chombo kikipungua mpaka kisionekane.

"Sasa lichukue," alisema. "Lakini safari hii umenielewa."

"Nimekuelewa, mama."

Jumamosi binti alifika na gari. Mashine ya mahindi ilikwenda.

Sijui ile noti ya mwisho ni ya nani. Huenda ni ya meli iliyojaa. Huenda sauti ya mama mdogo ilishuka pamoja na miaka yake na ya honi ikashuka nayo kichwani mwake. Huenda alitaka tu mtu afanye alichomwambia, kwa mara ya kwanza, bila kuelewa vingine. Katika daftari la saba nimeandika vipimo vyote viwili na sikuchora mstari chini. Hatua ya kwanza, ile ya kuvua nyuzi zote, nimeifuta katika madaftari yote saba. Nimeandika: sikiliza kwanza.

Na magitaa mengine sita nimeyateremsha yote hadi pale. Pacha wa Matiri, ambalo miaka yote hiyo nililiona lina kasoro, siku niliyoliteremsha lilitoa sauti ileile, au karibu sana nayo hata nikatoka nje nikasimama uani. Halikuwa na kosa lolote. Mwalimu wa kwaya alikuja mwezi uliopita kuomba moja kwa ajili ya sherehe, akajaribu matatu, akakunja uso.

"Mama, magitaa yako yote yako chini. Hayataendana na kinanda."

"Najua."

"Nikuletee fundi ayatyuni?"

Nikamwambia asante, kinanda ndicho kiko juu. Aliondoka akidhani natania.

Jumapili baada ya misa mama mdogo hupiga simu kutoka Songea. Anauliza mvua, anauliza kahawa, ananiambia huko maji ya bomba yana ladha ya chuma. Halafu habari humwishia, nami najua anachosubiri. Naingia chumba cha nyuma, naliondoa la baba mdogo kwenye kamba yake, naweka simu karibu na uzi wa tano.

"Halijashuka?" anauliza.

Napiga, nauacha ulie mpaka uishe wenyewe, na upande wa pili nasikia pumzi yake tu, na mbali nyuma yake magari ya mji.